Simu ya Dalia na Mikono ya Hina

Saa nne na robo asubuhi, mzee Thabit, baba mdogo wa bwana harusi, aliingia uani Buyenzi ameinyoosha simu ya kijana wake mbele kama aliyeshika nyoka.

"Someni wenyewe."

Ujumbe ulitoka simu ya bi harusi, Dalia, saa mbili na dakika kumi: *Rachid, sikutaki. Tafuta mwingine.* Na ndoa ilikuwa leo, baada ya adhuhuri.

"Si mimi, mzee!" Dalia aliinua mikono. Saa moja Mama Idi alimpaka hina, yeye na dada yake Siti, akawafunga vitambaa mpaka ncha za vidole.

"Simu ni yako. Kama hakuna jibu, Rachid anarudi Uvira bila muke."

Mama Idi hakuwa na haraka. Alimwomba Carmen, jirani aliyekuwa akikaanga sambusa, simu yake kuukuu ya vitufe. Dalia akabonyeza kwa kidole kilichofungwa: kii! Namba ikatokea. Akapewa simu yake mwenyewe, ya tachi. Akagusa, akasugua, akagonga. Kioo kimya.

"Labda aliandika na pua," Thabit alisema.

"Jaribu na yako tuone!" Carmen akamjibu.

"Na we Carmen? Mikono yako iko wazi."

"Mi? Hata kuifungua siwezi. Iko na namba ya siri."

"Namba tunaijua mi na Siti tu," Dalia alisema polepole.

Macho yote yakamgeukia Siti.

"Mi pia nimefungwa, hamuoni?"

Mama Idi aliuona mkono wa kulia. Siku zote yeye hufunga kifundo mgongoni mwa mkono. Hiki kilikuwa upande wa kiganja, kimetafunwa.

"Mwanangu, nani alikifunga?"

"Ni we, Mama Idi."

"Apana. Mi sifunge na meno."

Akakifungua. Ndani hamna hina. Vidole vya rangi ya chungwa. Akafungua kidole kimoja cha Dalia, akakwangua: chekundu kama tofali. Akakifunga tena.

"Hii ya Dalia imekaa masaa tatu. Yako uliosha mapema, uandike."

Siti aliketi chini.

"Miaka sita mama hainuke kitandani. Tunamugeuza sisi wawili. Dalia akienda Uvira, nitamugeuza na nani? Kuna mutu aliniuliza?"

Dalia aliisukuma simu kwa kiwiko mpaka mapajani mwa dada yake.

"We ndo uko na vidole. Mwandikie Rachid. Anza na jina lako."