Chupa ya Naliaka

Soda yake Naliaka alikuwa hajaimaliza siku waliyokutana, katika duka la santuri la River Road. Kijana mwembamba mwenye shati la maua alikuwa akijaribu gitaa, watu wamejaa mpaka mlangoni. Naliaka, ndani ya gauni la manjano lililopigwa pasi likakaa, alitoa sarafu pochini akaanza kukwaruza mistari iliyoinuka ya chupa kufuata wimbo. Kijana akageuka.

"Dada, nani amekufundisha kupiga hivyo?"

"Ni wewe unakimbia na wimbo. Nimeona nikushike mkono."

Duka zima likacheka. Kijana aliitwa Sifuna, seremala wa Waithaka. Mwaka ule wote walitumbuiza pamoja kwenye dansi za Uthiru, yeye gitaa, bibie chupa.

Kisha magitaa ya umeme yakaingia mjini, na Sifuna akayafuata. Akaadimika. Asubuhi moja redio ikaupiga wimbo aliomtungia Naliaka. Ngoma zilivuma, besi ikanguruma, chupa haikusikika hata kidogo. Naliaka alilia sufuria ikiwa mkononi. Kumbe penzi lenyewe lilikuwa povu la soda!

Hata hivyo alikwenda kazini. Alikuwa opereta wa simu katika ofisi moja katikati ya mji. Mchana laini ikaita.

"Haloo, niunganishe na Naliaka, tafadhali."

Sauti ile angeitambua hata usingizini. "Ameacha kazi. Ameolewa na mpiga ngoma."

"Wacha hizo, mpenzi. Angalia dirishani."

Ng'ambo ya barabara, ndani ya kibanda cha simu, Sifuna alisimama na koti la kuazima lenye mikono iliyompungukia, gitaa mgongoni.

"Umenitupa, Sifuna. Hata chupa yangu umeitupa."

"Ni baba yako! Nilimtuma mjomba wangu kwenu kuposa. Mzee akasema usionekane na mimi kwenye dansi mpaka wazee wamalizane, na nisikwambie neno kabla halijaiva. Watu wa studio nao hawangojei mtu, wakaweka ngoma mahali pa chupa."

"Na leo mbona unasema?"

"Wamemalizana jana. Baba yako amekubali, umebaki wewe mwenyewe. Naliaka, utanikubali?"

Naliaka alishusha pumzi, na uzito wote ukamtoka kifuani. Lakini hakutaka kuwa rahisi.

"Na umeme wako?"

"Umeme siwachi, watu wanaupenda. Lakini tunarudia ule wimbo, na bila chupa siimbi."

Sifuna akauegemeza mkono wa simu ukutani mwa kibanda, akashika gitaa. Mabruka, karani wa meza ya pili, aliyekuwa ametega sikio karibu na simu akasikia yote, akamsukumia Naliaka chupa yake tupu ya soda. "Mjibu mwenzio, shoga. Simu zingine nitapokea mimi."

Naliaka akachomoa kibanio cha nywele, akaileta chupa karibu na simu, akakwaruza. Ng'ambo, Sifuna akacheka mpaka akakosea nyuzi.

"Nimekubali," Naliaka akamwambia, machozi na kicheko pamoja. "Lakini polepole, baba. Unakimbia tena."