Mgeni wa Meza ya Dirishani

Annastella aliweka vikombe viwili.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, na mvua ya ziwani ilikuwa imeanza upya. Ma Kokuberwa alivitazama vile vikombe, kisha akamtazama binti aliyevileta.

"Niko peke yangu, mwanangu."

"Ee, samahani, Ma." Annastella alikirudisha kimoja kwenye sinia, akasita. "Nilidhani umeingia na mtu."

"Nimeingia na mwavuli."

Wakacheka wote wawili, ila Annastella alicheka huku akitazama kiti cha upande wa pili.

Mgahawa ulikuwa wa Kamala, mtu wa Kemondo, aliyepika Yokohama miaka kumi na moja, akarudi Bukoba na visu vyake sita. Alipanga nyumba ya zamani karibu na ziwa, akaandika mlangoni kuwa hapa ni chakula cha Kijapani. Wiki ya kwanza mji mzima ulikuja kucheka. Samaki mbichi, walisema, ni wa paka na wa Kamala. Wachache waliobaki walibaki kwa ajili ya sato wa kukaanga na tambi nene za supu.

Ma Kokuberwa, mwalimu mstaafu wa Kibeta, alibaki kwa sababu nyingine. Hapa hakuna aliyemshangaa akila peke yake. Nyumbani kwa mama yake hata mpita njia aliitwa mezani, na mtu wa kula akiwa amejifungia alisemwa kijiji kizima. Lakini mumewe, Karugendo, alikuwa amelala kaburini kwenye kibanja chao cha migomba, Kamachumu, mwaka wa pili sasa, mwanawe Byabato alikuwa Dodoma, na ndizi tatu ndani ya sufuria zilionekana kama mzaha. Siku moja Kamala alimwambia kuwa kule Japani kuna migahawa ya mtu mmoja mmoja.

"Wanakula wakitazama ukuta, Ma."

"Ukuta?"

"Ukuta. Na wanashiba."

Aliwaza jambo hilo kwa siku nyingi, wala hakuwahukumu watu wale.

Alhamisi hiyo, alipomaliza supu, Annastella alimletea kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, akamwani, juu ya kipande cha jani la mgomba. Kamala hakuwa ameacha desturi za kwao; kila mteja alipewa. Ma Kokuberwa alinyoosha mkono, na hapo harufu ikamfikia: matope ya ziwa, mafunjo yaliyooza, nguo iliyokaa majini muda mrefu. Kiti cha mbele yake kililia, kama kinavyolia kiti mtu anapokikalia.

Angeweza kuinuka. Lakini alikuwa amelelewa hivi: akamwani haitafunwi mbele ya mwenzako bila kumpa. Mkono ulitangulia akili. Alichukua punje mbili, akaziweka upande wa pili wa meza, akasema taratibu, kwa Kihaya cha heshima, kama mtu anayejichekesha mwenyewe:

"Karibu, waitu."

Akageuza uso dirishani. Nyuma ya sauti ya mvua akasikia meno yakipasua kitu kidogo, kikavu. Alipotazama tena, maganda mawili yalikuwa juu ya jani, yameloa.

Alishtuka, ndiyo. Lakini alipokuwa akipanda kilima kurudi Kibeta aligundua jambo lililomtisha zaidi ya yale maganda, nalo ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa ameshiba.

Alhamisi iliyofuata hakukirudisha kikombe cha pili.

Ikawa hivyo wiki hata wiki. Alizungumza naye kwa sauti ya chini, habari za shule, za Karugendo alivyokoroma, za Byabato asiyepiga simu, na yule wa mbele yake hakujibu, ila vijiti vyake vya kulia viligongana taratibu pale ambapo mtu angesema "ee" au "pole". Chai ya kikombe cha pili ilishuka bila mdomo kuonekana. Kisha samaki wa sahani yake mwenyewe akaanza kupungua kabla hajamgusa, na chakula kilichofika kinywani mwake kikawa hakina chumvi wala moto, na gauni lake la kanisani likaanza kumteleza mabegani.

"Ma, unakonda," Annastella alinong'ona siku moja, akijifanya kufuta meza.

"Uzee, mwanangu."

"Uzee haumalizi mtu kwa wiki saba." Binti akainama zaidi. "Kiti hicho nikikifuta kila siku nakikuta kimelowa. Mimi nakuogopea."

Alhamisi ya nane mgeni aliongea.

Ilikuwa mchana mweupe, jikoni Kamala akipiga mluzi, na Ma Kokuberwa alikuwa ameshika vijiti asivyovihitaji tena kwa sababu sahani ilikuwa tupu, ndipo ile harufu ilipoinama juu ya meza, ikamjia shavuni, ikapanda hadi sikioni, na ndani yake kukawa na sauti, ya kike au ya kiume hakujua, inayosema Kihaya cha wazee cha adabu kabisa, ikimwambia kwamba ameketi mezani pake mara nane na kula mara nane, na kwamba si vizuri mtu kula tu kwa watu bila kuwaita kwake.

"Nawe njoo kwetu. Alhamisi ijayo nitakupeleka."

Ma Kokuberwa aliijua desturi hiyo. Aliyelishwa hualika. Akatazama dirishani, kule ambako bustani ya Kamala inaisha na maji yanaanza, akaelewa kwao ni wapi.

Siku hiyo alimwambia Annastella yote, naye akamwambia Kamala, na Kamala akaenda kumwita shehe.

Shehe Najibu aliuza vipuri vya baiskeli sokoni, na watu walimwita kwa mambo ya namna hii kwa sababu hakumcheka mtu. Alhamisi ya tisa alifika saa saba na nusu, akavua kofia iliyolowa, akanusa jikoni.

"Hii supu haina nguruwe?"

"Haina, Shehe," Kamala akajibu.

"Basi niwekee pembeni. Nitakunywa tukimaliza."

Akaketi karibu na Ma Kokuberwa, akauliza kila kitu, na aliposikia habari za akamwani akafumba macho.

"Mama, mimi naweza kusoma mpaka jioni. Nitamsumbua, sitamtoa. Hakuingia kwa nguvu, alikaribishwa. Aliyemkaribisha ndiye wa kumfukuza, na aseme mara tatu."

"Mgeni hafukuzwi, Shehe."

"Najua."

"Hajanitukana. Amenisikiliza kuliko mwanangu."

"Najua, mama. Sisemi ni mbaya. Nasema kwake hakuna hewa."

Najibu akaanza kusoma kwa sauti ndogo. Harufu ikaja, kiti kikalia, maji yakatiririka kwenye miguu ya kiti hadi sakafuni. Ma Kokuberwa akasema, "Ondoka." Vijiti vikasimama. Akasema tena, "Ondoka kwangu," na upande wa pili pumzi ikavutwa, fupi, kama ya mtu aliyeaibishwa mbele ya watu, na machozi yakamtoka mwalimu mzima, kwa kuwa hajawahi katika maisha yake kumwambia mtu hivyo mezani. Annastella alikuwa amemshika bega.

"Ondoka," akasema mara ya tatu.

Kiti kikasogea nyuma. Alama za miguu iliyolowa zikatokea sakafuni, moja, ya pili, ya tatu, hazikuwa na haraka, zikaelekea mlangoni. Na Ma Kokuberwa akasimama, akachukua mwavuli.

"Unakwenda wapi?" Najibu akakatisha kisomo.

"Namsindikiza. Hadi barabarani tu."

"Mama, kaa!"

"Mgeni hatoki peke yake kwenye mvua!" Alikuwa tayari amepiga hatua mbili, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayekwenda sokoni. Annastella akamzibia njia, akamnyang'anya mwavuli, akavuta kile kiti kilicholowa, akakikalia yeye mwenyewe.

"Ma. Mimi sijala tangu asubuhi. Utaniacha nile peke yangu?"

Ma Kokuberwa akamtazama binti, akatazama mlango. Kisha, kwa kuwa hilo nalo hakulelewa kulifanya, akakaa.

Kamala alileta sato wawili wa kukaanga. Shehe akanywa supu yake. Samaki alikuwa na chumvi. Walikula, na nje mvua ilinyesha kwenye bustani yote na kwenye njia yote, isipokuwa pale karibu na geti, ambapo matone yaliishia hewani kwa kimo na upana wa mtu aliyesimama, aliyegeukia mlango, anayengoja kusindikizwa.

Geti halikufungwa. Ma Kokuberwa, aliyejua kungoja kunavyouma, alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, asije akainuka.