Niliulizwa Kuhusu Picha, Nikamponza Mume Wangu

Nina miaka sitini na mbili, ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na ninaishi Bariadi peke yangu. Naandika haya nikiwa nimesimama kwenye meza ya jikoni, maana kukaa siwezi. Nikikaa nakumbuka, na nikikumbuka nainuka tena kufagia uwanja ambao nimeshaufagia asubuhi... Majirani wananisifu kwamba sichoki. Laiti wangejua!

Mume wangu, nimwite Masunga, alikuwa fundi wa kuandika mabango. Tuliishi Mwanhuzi, nilikokuwa nafundisha, pamoja na mapacha wetu Kulwa na Doto. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wameanza kuingia na maduka yanaota kama uyoga. Kila mwenye duka alitaka jina lake ukutani, na Masunga alikuwa na mkono! Herufi zake zilinyooka bila rula. Akichora mkasi kwenye kibanda cha kinyozi, unatamani kuushika. Nilijivunia mume.

Halafu akaenda Dar es Salaam kwenye mafunzo ya uchoraji ya miezi mitatu. Aliyerudi sikumwelewa.

Alinunua kitambaa cha marekani, akakikata vipande, akavitandaza uani na kuanza kupaka rangi. Hapakuwa na mtu, wala mti, wala nyumba. Palikuwa na weusi mpana, weupe wenye kingo zilizochanikachanika, na rangi ya kutu aliyoichanganya na udongo mwekundu. Nikamuuliza ni picha ya nini. Akasema si ya kitu, ni rangi tu zinavyokaa pamoja, niitazame na nisiharakishe.

Nisiharakishe! Mimi niliyekuwa nafundisha watoto kuchora chungu kikaonekana chungu? Nilimwambia kwamba mtoto wa darasa la pili akiniletea kitu kama hicho namrudishia daftari lake. Akacheka, akidhani natania. Sikuwa natania hata kidogo.

Majirani walipita wakiuliza kama mwalimu ameanika magodoro yaliyokojolewa. Nilicheka nao, kisha naingia ndani nalia kwa aibu. Masunga akaanza kukataa kazi za mabango. Kila tulipokaa kula, ubishi ulikuwa uleule. Mimi nasema picha ni lazima ioneshe kitu, yeye anasema mbona ngoma haioneshi kitu na watu wanacheza. Sikuwa na jibu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Siku moja akapita mzee mmoja mfugaji kutoka Kimali, nimwite mzee Ng'wandu. Ilikuwa siku ya nne anamtafuta maksai wake wa kulimia aliyepotea. Nilikuwa napepeta mchele, na Masunga alikuwa ametundika picha moja kwenye uzio ikauke. Mzee aliposalimia tu, akaiona. Hakucheka, wala hakuuliza ni nini. Aliweka fimbo chini, akachuchumaa, akaitazama kwa muda ambao mimi ningemaliza kuosha vyombo vyote. Alipoinuka, macho yake yalikuwa yamelowa.

"Mayu," akaniambia, yaani mama kwa Kisukuma, "huyu ni maksai wangu."

Wasukuma wenzangu mtanielewa, na wengine niwaeleze. Mfugaji wa kwetu anamjua ng'ombe wake kwa mabaka: weusi unaanzia wapi, weupe umekatia wapi. Atakutajia hata ng'ombe wa babu yake, rangi kwa rangi. Kwa hiyo mzee aliposema ni maksai wake, hapakuwa na wa kumbishia. Aliyechora lazima alimwona, na kama alimwona, basi anajua alipo. Bahati mbaya, siku maksai alipopotea Masunga alikuwa njiani na baiskeli yake akitoka Bariadi kununua rangi.

Baraza la wazee likakaa. Picha ikatandazwa chini, watu wakaizunguka. Masunga akasema hajawahi kumwona maksai huyo, kilichomo humo kimetoka moyoni mwake. Watu wakaguna. Ndipo mwenyekiti aliponigeukia. Alisema hataki nimtolee ushahidi mume wangu kama mke, ananiuliza kama msomi.

"Mwalimu, uchoraji wewe unaufundisha. Mtu anaweza kuchora picha isiyo ya kitu chochote?"

Wasomaji, nilijua Masunga si mwizi. Nilijua hilo kama ninavyojua majina ya wanangu! Lakini nilikuwa na hasira ya miezi mingi. Niliona hapo ndipo nitakapomshinda mbele za watu, aone haya, arudi kwenye mabango yake. Nilidhani watamkaripia tu...

"Haiwezekani," nikasema. "Picha lazima iwe ya kitu."

Masunga alinitazama, kisha akatazama chini.

Wakamtenga mpaka atakapoonesha maksai alipo. Hakuna wa kumsalimia, wala wa kumpa kazi. Kulwa na Doto walirudi kisimani na ndoo tupu, wamekataliwa zamu yao. Nikaogopa, na kwa woga huo nikafanya ubaya wa pili. Masunga alipokwenda Lingeka kwa kaka yake kuomba ushauri, nilizikusanya picha zote zilizobaki, nikazimwagia mafuta ya taa na kuzichoma uani, ili watu waone tumetubu.

Aliporudi alikuta majivu. Hakunipiga, hakunitukana. Alifunga brashi zake kwenye gazeti, akawaaga watoto, akapanda baiskeli. Nilidhani atarudi jioni... Hakurudi!

Mvua za kwanza ziliponyesha, mzee Ng'wandu akabisha hodi kwangu. Maksai alikuwa amepatikana. Hakuibiwa, alijichanganya tu na kundi la ng'ombe wa watu wengine mbali huko. Ile picha mzee alikabidhiwa kama ushahidi, kwa hiyo aliiweka kando ya maksai wake ailinganishe. Havikufanana. Weupe wa maksai ulikuwa tumboni tu, ule wa kwenye picha ulikata katikati.

"Sikumwona maksai pale, mayu," alisema taratibu. "Niliona nilivyokuwa namtafuta. Mumeo alijuaje?"



Kila shule zilipofungwa nilipanda basi kumtafuta Masunga. Mwaka wa pili nikampata Kahama, yuko juu ya ngazi anaandika jina la duka la dawa. Ana mke mwingine, na mtoto. Alinipokea vizuri, kama mgeni, na mkewe akaniletea soda. Nikamweleza habari za maksai na maneno ya mzee. Nikampigia magoti. Akaniinua, akaniuliza jambo moja tu.

"Mama Kulwa, na wewe uliwahi kuitazama?"

Nimjibu nini? Sikuwahi! Niliipita kila siku nikienda kuanika nguo. Nilisimama mbele ya baraza nikaihukumu picha ambayo sikuipa hata dakika moja, na pamoja nayo nikamhukumu mume.

Mzee Ng'wandu alishafariki. Picha iko kwa wanawe, na wamenialika niende kuiona. Mara tatu nimefika stendi nikarudi nyumbani. Naogopa nikiitazama nitaona ni nzuri. Naogopa pia nitaona si nzuri, na mume nikawa nimempoteza vilevile. Nitafanyaje?

Ndugu zangu, wanawake kwa wanaume, huenda mwenzako anapenda kitu usichokielewa. Usimcheke mbele za watu, na ukiulizwa usijifanye unajua kwa sababu ya usomi wako. Kutoelewa si kosa. Ningesema "sielewi" tu siku ile, Masunga angerudi nyumbani na mimi tukaendelea na ubishi wetu mezani. Nawasihi mlizoee neno hilo mapema. Mimi nimelijua sasa, na humu ndani hakuna wa kulisikia.