Pumzi ya Kiti cha Abiria

Taa ya kijani iliwaka kabla Puliza hajaweka mrija mdomoni.

Alibaki ameushika vile vile, kama mtu aliyesahau neno alilotaka kusema. Akageuka. Kiti cha abiria hakikuwa na mtu, lakini kilikuwa kimebonyea, na ndani ya gari mlinuka maji ya maua yaliyokaa siku nyingi kwenye chupa.

"Mashine mbovu hii," alijiambia, akaenda zake kupeleka mashuka ya hospitali.

Jina la Puliza alipewa na wenzake kule kwa dobi, baada ya kesi. Aliendesha gari amelewa, mkewe akiwa pembeni, akaivaa nguzo ya umeme. Yeye alitoka bila mkwaruzo; mkewe alitoka na goti lililogoma kukunjika. Hakimu alimnyang'anya leseni mwaka mzima, na alipomrudishia aliweka sharti: gari lifungwe kifaa cha kunusa pumzi. Dereva apulize kwanza kwenye mrija wake, taa ya kijani iwake. Kikinusa pombe, gari haliwaki, na taarifa inakwenda kwa afisa wa probesheni. Akilivunja sharti, ni jela. Mama mkwe, aliyezoea kumwita mwanangu, sasa alimwita "huyo". Kwa dobi walimtania, "Puliza, hebu nipoozee chai!" naye alicheka pamoja nao, maana aliyeanguka topeni hachagui wa kumcheka.

Mashine haikuwa mbovu. Alijua fika taa ilianza lini.

Asubuhi moja aliamka na pombe ya jana bado kichwani. Ilikuwa glasi mbili tu, za kumuaga mwenzao aliyestaafu, nazo zikazaa. Binti yake alikuwa ameshapanda garini, amevaa sare, anasubiri kupelekwa shule.

"Mwanangu, nipulizie hapa kidogo."

"Kwani si ya kwako, baba?"

"Kifua kinanibana."

Mtoto alimtazama bila hasira na bila huruma. "Nimesahau daftari," akasema, wala hakuwa amelisahau, akashuka.

Puliza akabaki na mrija wake. Wodini walikuwa wakisubiri mashuka. Akasema kwa sauti, nusu mzaha, nusu kilio:

"Basi yeyote aliyemo humu, anipulizie."

Mrija ukatikisika mkononi mwake. Taa ikawa ya kijani.

Tangu siku hiyo hakuonja tena pombe. Alitaka kupuliza mwenyewe, pumzi yake safi, lakini kila alipousogeza mrija alitanguliwa. Alisikia pembeni yake mtu akivuta hewa, taratibu, hewa ndefu ya mpiga mbizi, halafu taa, halafu ile harufu. Na nyumbani binti yake akaanza kuhema. Akipanda ngazi anaketi katikati, akicheka anakatika. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akasema mapafu ni mazima.

Jumamosi mchana mkewe alimvuta jikoni, akafunga mlango.

"Unamsikia?" alinong'ona.

Chumbani mtoto alikuwa akipumua kwa mluzi mwembamba, kama anayepumulia tundu la ufunguo.

"Namsikia."

"Asubuhi ulipowasha gari nilikuwa nimemshika mkono, yuko kitandani. Pumzi ilimtoka yote, mume wangu. Yote. Kama kuna mtu ameinywa."

Ndipo akamweleza. Mkewe aliegemea sinki mpaka maji ya bomba yakaanza kufurika.

"Goti langu nilikusamehe," akasema. "Hili usiniombe."

"Nifanye nini?"

"Bibi yangu alikuwa akisema, jini aliyealikwa kwa mdomo hutolewa kwa mdomo. Ubani haumtoi. Uliyemdanganya, yule afisa wako, ndiye wa kwenda kumwambia."

"Nikimwambia, ni jela."

"Najua."

Jumatatu, kabla hajapata moyo wa kupiga simu, afisa wa probesheni akampigia yeye. Aje, na mkewe, na mtoto.

Mkewe na mtoto waliketi kwenye benchi la ukumbini. Yeye aliingia. Afisa, mwanamke mwenye upole wa kuchosha, aligeuza kompyuta ili wote wawili waone.

"Kifaa kina kamera, bwana. Kinampiga picha kila anayepuliza."

Zilikuwa picha nyingi, na katika kila moja aliketi binti yake, kwenye kiti cha abiria, amevaa sare, nywele zimesukwa vile vile alivyosukwa na mama yake, mrija mdomoni na macho yamefumbwa, na kadiri afisa alivyobonyeza ndivyo mashavu ya yule wa kwenye picha yalivyozidi kujaa na kunona, huku nyuma ya mlango mluzi wa yule wa kwenye benchi ukizidi kuwa mwembamba, mpaka wakaifikia picha ya mwisho, ya asubuhi ya siku hiyo hiyo, ambamo macho yalikuwa wazi, na yalimtazama Puliza kwa subira ya mtu anayejua kuwa hatafukuzwa.

"Unamtumia mtoto?" afisa aliuliza polepole. "Nikizipeleka hizi mahakamani, ustawi wa jamii watamchukua."

Shingoni alihisi hewa ikivutwa. Maji ya maua.

"Si yeye," akasema. "Nilikunywa. Nilimwomba mwanangu anidanganyie, akakataa. Nikaomba yeyote. Nikaendesha nimelewa, wakati mke wangu hawezi hata kupiga magoti kwa sababu yangu."

Ukumbini mluzi ukakatika.

Mkewe aliita mara moja tu. Puliza alijua akigeuka atanyamaza, na akinyamaza ameacha kazi nusu, basi akaendelea, machozi yakimwingia mdomoni, glasi ya kwanza, ya pili, na zile alizosema hazihesabiki, na wodi alizozifikia akitabasamu, mpaka hakikubaki kitu cha kusema.

Halafu pumzi moja ndefu ikaingia kifuani mwa mtu, na mtoto akaangua kilio kwa sauti kubwa, sauti nene, kilio cha mwenye hewa ya kutosha.

Afisa alikuwa ameondoa mkono kwenye kompyuta. Picha zilikuwa pale pale, zote. Katika kila moja kiti kilikuwa kitupu, na mrija ulining'inia hewani, haukushikwa na mtu.

"Sasa mimi," alinong'ona, "nitaandika nini?"

"Andika nilikunywa."