Barua Iliyotaka Ufunguo

Kila Jumanne wakati wa likizo, Ndeshi alifuatana na mama yake kutoka Kikwe hadi Usa River kwenda kusoma barua za kikundi. Hazikuwa barua za bahasha. Zilikuwa baruapepe, kitu kigeni miaka ile, na wanakikundi wengi walikuwa hawajaamini bado kwamba maandishi yanaweza kusafiri bila kubebwa na mtu. Ndeshi alikuwa darasa la sita tu, lakini vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya wote.

Kikundi chao kililima maharage machanga na kuyauza kwa kampuni iitwayo Mboga Mlimani, ambayo iliyasafirisha kwenda Ulaya. Wanawake wale hawakuwa na mchezo na mali yao. Sanduku lao la akiba lilikuwa na makufuli matatu, na kila ufunguo ulikaa kwa mtu wake. Walipofungua sanduku la baruapepe, walifanya vivyo hivyo: neno la siri waliligawa vipande vitatu. Mama Ndeshi, mwenyekiti, alikijua cha kwanza, Mama Elinaza cha pili, na Bibi Kaanaeli cha mwisho. Mmoja akiandika, wenzake waligeuka kutazama ukuta. Bibi Kaanaeli ndiye aliyetia fora. Alijifunika khanga yeye pamoja na kibodi, akabonyeza kwa kidole kimoja kama anayechambua mchele. Hans, mwenye duka la intaneti, ilimbidi atoke nje akacheke.

Jumanne hiyo walikuwa na furaha. Maharage yalikuwa yamechumwa alfajiri na kupangwa kwenye kreti, na lori la kampuni lilikuwa lije kuyachukua alasiri. Tena wiki hiyo hiyo kampuni ingelipa malipo ya msimu mzima. Ndeshi alifungua barua mpya, akaisoma kwa sauti.

"Kutoka Kampuni ya Mboga Mlimani. Ndugu wakulima, tunahakiki vikundi vyetu. Jibuni barua hii kwa kuandika neno lenu la siri kabla ya saa sita mchana. Kikundi kisichojibu, lori halitafika, na malipo yatasitishwa. Kwa maswali, pigeni simu namba hii."

Furaha ikayeyuka pale pale.

"Ng'ombe wa maskini hazai!" Mama Elinaza akashika kichwa. "Msimu uliopita lori liliharibika, maharage yakaliwa na ng'ombe. Leo tena?"

"Sasa ni saa tano na nusu," Hans alisema.

"Basi tuandike upesi," Mama Ndeshi akaamua. "Mimi naanza. Geukeni."

Wenzake wakageuka ukutani kwa utii. Ndeshi naye aligeuka, lakini moyo haukutulia. Wanawake waliofichana wao kwa wao sasa walikuwa wanamwandikia neno zima mtu wasiyemwona! Akageuka tena, akaitazama ile barua juu kabisa, mahali panapoonyesha imetoka wapi.

"Mama, subiri kwanza!"

"Ndeshi, saa inakwenda."

"Mama, tafadhali. Barua za Bwana Philemoni anayenunua maharage huwa zinatoka kwenye anwani ya kampuni yenyewe. Hii imetoka kwenye masanduku ya bure, yale anayofungua mtu yeyote."

"Lakini imeandikwa Mboga Mlimani," Mama Elinaza alisema. "Nimeisikia kwa masikio yangu."

"Jina mtu anajiandikia, mama. Hans alipotufundisha kufungua sanduku, mimi nilijiita Malkia wa Meru. Mashine haikuniuliza taji liko wapi."

Bibi Kaanaeli aliangua kicheko. Mama Ndeshi hakucheka. Mkono wake ulibaki juu ya kibodi. Kama binti amekosea, maharage ya kikundi kizima yangeozea kwenye kreti, na lawama zingekuwa juu ya mwenyekiti.

"Tupige simu basi," mama alisema mwishowe, akaanza kuibonyeza ile namba ya kwenye barua.

"Si hiyo, mama! Hiyo ameitoa yeye mwenyewe. Ukimpigia mwongo umuulize kama ni mwongo, atakujibu nini?"

Ndipo Mama Ndeshi akakumbuka kadi ambayo Bwana Philemoni alimpa kwa mkono wake siku ya mkataba. Aliitoa kwenye pochi, akapiga kwa simu ya duka. Wote wakasogea karibu.

"Shikamoo mama," sauti ya Bwana Philemoni ilisikika, na Mama Ndeshi akamweleza habari ya ile barua. "Lori limeshaondoka, linakuja huko. Neno la siri? Hapana! Msimwandikie mtu! Sisi hatujaandika barua hiyo, wala hatutawauliza neno hilo kamwe. Huyo akishaingia kwenye sanduku lenu, ataniandikia mimi kwa jina la kikundi, aniambie malipo niyapeleke kwenye akaunti yake. Nami ningejuaje?"

Mama Ndeshi aliisogeza kibodi mbali. Kisha Bibi Kaanaeli akapiga kigelegele kilichowafanya wapita njia wachungulie dirishani. Mama Elinaza akamkumbatia Ndeshi hadi akakosa pumzi.

"Na vikundi vingine je?" Ndeshi aliuliza alipoachiwa.

Bwana Philemoni alianza kuwapigia simu mmoja mmoja. Ndeshi naye akaandika onyo, vidole vikikimbia, akalituma kwa kila kikundi ambacho anwani yake aliikuta kwenye barua za kampuni. Kabla ya saa sita lilikuja jibu kutoka kikundi cha Terrat: "Tulikuwa tumeshaandika neno letu, bado kutuma tu. Tumefuta. Mungu akubariki, mwanetu, ingawa hatukujui."

Alasiri lori lilifika Kikwe, likaondoka na kreti zote. Ijumaa malipo ya msimu yaliingia kwenye akaunti ya kikundi, kamili. Jumapili, baada ya ibada, wanakikundi walikutana, na Ndeshi akaitwa mbele awaeleze watu wazima alivyoitambua barua ile. Alieleza bila kusita, nao wakampigia makofi kama wanavyompigia mchungaji.

Mama Ndeshi alisimama wa mwisho.

"Nimejifunza nami nina mvi," alisema. "Mwizi wa zamani alivunja mlango. Wa siku hizi anajiita jina la rafiki, anakutisha, anakuharakisha, kisha anakuomba umfungulie mwenyewe. Ukiona barua inakuhimiza utoe siri, simama. Muulize mwenye jina hilo, kwa njia unayoijua wewe. Na mtoto akikuambia 'subiri', msikilize. Mimi nilikaribia kutomsikiliza, na leo tungekuwa tunalia hapa."