Mwanzi wa Kipimo

Jioni ile Vaileth alishuka kutoka mashamba ya chai akiwa na ubao kichwani. Alikuwa amechuma tangu alfajiri kwenye mvua, vidole vimekakamaa, mgongo hausemeki. Bado ilimbidi apitie kwa wapasua mbao, kwa sababu Ezron, mume wake, alikuwa ameharibu ubao mwingine. Kwenye kiwanda cha chai anakofanya kazi, Ezron ni mtu wa maana. Akishika msumeno, Mungu amsaidie.

Mbao zilikuwa za kitanda cha Monica, binti yao wa miaka tisa. Tangu aache kunyonya alikuwa akilala na bibi yake Esnath, mama wa Ezron. Kila asubuhi bibi alimgeukia kitandani na kumuuliza kwa Kinyakyusa, "Ugonile?" Umelalaje? Na mtoto akaitikia, "Ndaga." Salama, asante. Bibi alipofariki, ndugu waligawana vitu vyake na kitanda kikaondoka. Monica akahamia katikati ya baba na mama, na kwa mateke yake nyumba nzima ikawa haipati usingizi. Ndipo wakakubaliana kutengeneza kitanda wenyewe, wote watatu. Monica alikichora nyuma ya daftari la hesabu: miguu minne, mbavu mbili, zile mbao ndefu za pembeni, na ua kubwa upande wa kichwani.

Futi yao ya kupimia ilikuwa imekatika zamani. Ezron akachomoa mwanzi mkavu kwenye paa la jiko, umenyooka vizuri, akasema huo unatosha. Juzi wakakata ubavu wa kwanza. Jana wakakata wa pili kwa mwanzi uleule, ukapungua shibiri nzima.

"Msumeno umekula," Ezron alijitetea.

"Msumeno gani unakula shibiri?" Vaileth alimjibu. Alikuwa amechoka mno hata kugombana.

Sasa ubao mpya ulikuwa chini, kwenye sakafu ya jiko. Nje ukungu ulikuwa umeshaziba migomba. Ezron aliulaza mwanzi juu ya ubao, Vaileth akachora mstari kwa mkaa, Monica akakalia upande mmoja usitikisike. Msumeno ukalia. Kipande kikaanguka.

Wakausimamisha ubavu mpya pembeni ya ule wa jana.

Ulikuwa mfupi zaidi.

Ezron akauchukua mwanzi, akaulinganisha na mbao moja moja. Ule wa juzi ulikuwa umeupita mwanzi kwa mbali. Ule wa jana nao umeupita. Wa leo ulikuwa sawasawa nao, ncha kwa ncha.

"Si mbao," alinong'ona. "Ni mwanzi..."

Hapo Vaileth akasikia harufu. Ugoro. Ugoro uliochanganyika na dawa ya kuchua magoti, ule ambao mama mkwe wake alikuwa akiuficha kwenye khanga mchungaji asiuone. Humu jikoni hakukuwa na mtu anayevuta ugoro.

"Ezron. Huu mwanzi ulitoka wapi?"

Mumewe akaanza kusogeza vumbi la mbao kwa mguu.

"Niambie."

"Ni wa fundi Asajile. Wa siku ile ya msiba."

Siku ile Vaileth alikuwa jikoni akipikia waombolezaji, hakuona kilichofanyika ndani. Sasa Ezron akamweleza kwa sauti ya chini. Fundi alikuja na mwanzi, akaulaza pembeni ya marehemu, akaukata mahali kichwa kilipoishia, akaenda nao karakana kwake Bulyaga kupiga jeneza. Aliporudi akamkabidhi Ezron na kumwambia autupe kaburini pamoja na mama yake. Ezron akauona umenyooka, umekauka vizuri. Akaona hasara kuutupa.

"Nilisema utatufaa," alimalizia.

Vaileth alitaka kumtukana, lakini kitu kilimfanya ageuke.

Monica alikuwa amelala chali kwenye vumbi la mbao, mikono ameinyoosha ubavuni. Mwanzi ulikuwa pembeni yake. Ezron ndiye aliyekuwa ameushika, sasa mikono yake ilikuwa mitupu na hakujua ameuachia saa ngapi. Ulianzia kwenye kisigino cha mtoto. Uliishia utosini.

Haukuzidi. Haukupungua.

"Monica, inuka!"

"Bibi amesema nisijikunje," mtoto alisema, macho ameyafumba. "Anasema huko kuna baridi... hana wa kulala naye."

Ngo. Ngo. Ngo. Chini ya sakafu.

Vaileth hakufikiri. Alimvuta mtoto mkono akamtupia baba yake, kisha yeye akajilaza palepale, kwenye vumbi lililokuwa bado na joto la mwanae.

"Mama," alisema. "Huyu bado mdogo. Kama ni mwenzako wa kulala naye, nipo mimi. Nimechoka vya kutosha."

Halafu akausikia mwanzi ukitambaa. Ulipita kwenye goti lake, kiunoni, begani, polepole, ukikwaruza sakafu. Ukasimama utosini, sasa ukiwa na kimo chake. Harufu ya ugoro ikakatika.

Kabla giza halijaingia sawasawa walikuwa wameshaufukia mwanzi kwenye kaburi la Esnath, pale migombani nyuma ya nyumba. Ezron alimpigia fundi simu. Mzee Asajile akamtaka arudie maneno ya Vaileth.

"Mkeo alisema hivyo? Kwa mdomo wake?"

"Alisema."

"Basi sikilizeni. Marehemu atakuja kuuliza mara ya pili, ndivyo nilivyoambiwa na aliyenifundisha kazi. Akimsalimu mkeo, asiitikie. Akiitikia amekubali. Mengine mimi sijui, kijana wangu."

Kitanda kilimalizika wiki iliyofuata, kwa futi ya kuazima. Monica alikipaka rangi mwenyewe, na ua lake lipo kichwani. Analala usiku kucha, hana ndoto wala mateke. Zile mbavu mbili fupi Ezron alizipandisha darini, akisema zitafaa kwa kabati la vyombo. Mwezi uliopita alizishusha, akabaki amezitumbulia macho.

"Mbona zimerefuka?"

Vaileth hakuzipima. Alizitazama mara moja tu, akamwambia azirudishe.

Yeye bado anachuma chai. Kila jioni anapita kwenye migomba ile, na mara nyingine sauti humuuliza kutoka kwenye ukungu, kwa upole kabisa. Huuma midomo akapita. Anaogopa, tena sana. Lakini miguu inauma, mgongo unauma, na ile sauti ndiyo pekee inayomuuliza kama amelala.

Jana alitoka shambani amelowa hadi mifupani, kikapu tupu kimemwelemea kama kimejaa. Alipofika kwenye migomba alikuwa akiwaza chakula cha jioni tu.

"Ugonile?"

"Ndaga," akaitikia.

Kisha akasimama.