Waya Uliodanganya Gari

Mlinzi wa bohari la mikate alikutwa kifudifudi nyuma ya gari la umeme lililoungua. Moshi ndio uliomuua.

Mkuu wa kituo alitaka jalada lifungwe upesi.

"Andika sigara, Inspekta, tupumzike."

"Mjane wake anasema marehemu hakuvuta hata siku moja."

"Wajane husema mengi."

Inspekta alitoka akiuma meno. Mjane alikuwa bado kwenye benchi la nje.

"Afande, wanangu wataitwa watoto wa mchoma bohari. Mwenyezi Mungu anaona."

Inspekta akaanza kutafuta fundi wa kumweleza chanzo cha moto. Fundi wa kwanza alimwambia umeme ni umeme tu. Wa pili alisema njoo kesho, na kesho yake akazima simu. Wiki ikayoyoma. Hatimaye mchunguzi wa maabara ya polisi akaweka mezani mabaki ya waya wa kuchajia lile gari.

"Waya huu ni mwembamba, afande. Lakini gari halioni unene. Linauliza kichwa cha waya, 'Unabeba umeme kiasi gani?' Kikinza, kidude kidogo cha kuzuia umeme humo ndani, ndicho hujibu. Mashine ya ukutani nayo huuliza vivyo hivyo upande wake. Waya unabeba ampea kumi na tatu. Vikinza vimejibu thelathini na mbili, gari likavuta kupita uwezo wa waya mpaka ukawaka."

"Kumbe umevikwa kilemba cha ukoka! Kiwanda kilikosea?"

"Hapana. Vichwa vyote viwili vimefunguliwa, vikalehemiwa upya kwa mkono."

Bohari lilikuwa na madereva wawili. Yule mzee hakuficha kitu.

"Mwenzangu alikuwa analalamika kila siku, eti chaji inatambaa kama konokono. Mwezi huu kanyamaza. Nikadhani kaokoka."

Inspekta akamwita huyo aliyenyamaza.

"Waya umenenepa, kaka?"

"Sikuelewi, afande."

"Ulikuwa na ugonjwa wa kulalamika. Nani kakutibu?"

Dereva alicheka peke yake.

"Nimezungushwa wiki nzima," Inspekta alisema, akigonga meza. "Kuna mama anashinda pale nje kila siku, mumewe anaitwa mchoma bohari. Sema!"

Kicheko kikamkauka dereva mdomoni.

"Nilibadilisha mimi. Kulehemu nilijifunza kwenye redio mbovu. Mama yangu amelazwa, afande. Gari lisipojaa mapema, mzunguko wa jioni unachelewa, na mimi nafika hospitali geti limeshafungwa. Mama anakesha akiuliza kama nimekuja."

"Hukuona waya unapata moto?"

"Niliushika, ukawa wa vuguvugu. Nikasema utavumilia mpaka mama atoke."

"Na mlinzi alijua?"

Dereva akajifunika uso kwa viganja.

"Hakujua. Yeye ndiye aliyekuwa akinichomolea waya kila siku gari likishajaa, ili nisichelewe. Alipoona gari linajaa haraka alifurahi kuliko mimi. Aliniambia Mungu amezijibu dua anazomwombea mama yangu."